Blanketi la Zakia na Mashine ya Hewa

Mtaa wa Nyasubi, mjini Kahama, huamka na vumbi. Malori ya mpunga hupita. Mashine za kukoboa huanza kuunguruma, na pumba hupeperuka mpaka kwenye vikombe vya chai. Ukifuta meza asubuhi, adhuhuri unaweza kuandika jina lako juu yake.

Zuleha alifuta kila siku. Alikuwa anauza vyombo sokoni, na hakutoka nyumbani kabla nyumba haijang'aa. Alifagia, akapanga viti, kisha akaingia chumbani kwa mwanawe Shadya, mtoto wa miaka saba. Humo mlikuwa na kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani mwake: mashine ya kusafisha hewa.

Mashine hiyo ililetwa na kaka yake, Abdulwahab, kutoka Mwanza. Aliileta baada ya msiba. Mwaka uliopita, wakati wa mavuno ya mpunga, Zakia, binti mkubwa wa Zuleha, alibanwa na pumu. Wazazi walidhani ni kifua tu, kitapita. Hakikupita. Zakia alifariki njiani wakimpeleka hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake.

"Shadya naye ana pumu," Abdulwahab alimwambia dada yake. "Hii itasafisha hewa ya chumbani. Tusizike tena."

Zuleha aliipokea kwa mikono miwili. Na kitu kizuri, kwetu sisi, lazima kifunikwe. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, friji lina kitambaa, na makochi yamevaa kuliko wenye nyumba. Basi Zuleha akatoa kitambaa cha uzi wa waridi alichokifuma Zakia kwa mkono wake, akakitandaza juu ya mashine. Kilining'inia pande zote kama gauni la sikukuu. Kila Alhamisi jioni alichoma udi kando yake, chumba kinukie.

Lakini Shadya hakupata nafuu. Alikohoa kila alfajiri, na kifua chake kilipiga mluzi. Mashine iliunguruma, taa yake nyekundu ikiwaka. Zuleha aliamini kuwa huko kuunguruma ndiko kufanya kazi.

Siku moja Shadya alirudi kutoka shuleni amechoka, akajilaza. Muda si mrefu aliamka akihema kwa shida. Mabega yalipanda na kushuka. Zuleha alitoka nje akipiga kelele.

"Mama Limi! Mama Limi, njoo! Ni kama Zakia! Ni vile vile!"

Mama Limi ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Jina lake ni Sesilia, mzaliwa wa Tinde, muuguzi wa zahanati. Alikuja bila viatu.

"Usimlaze. Mkalishe wima," alisema. "Dawa yake ya kuvuta iko wapi?"

Zuleha aliileta mbio. Sesilia alimpa mtoto dawa kama daktari alivyoagiza, akamshika mgongo. "Vuta taratibu, mayu. Taratibu hivyo hivyo." Alimwita "mayu", yaani mama, kwa Kisukuma chao. Polepole kifua cha Shadya kilitulia.

"Asingetulia, sasa hivi tungekuwa njiani kwenda hospitali," Sesilia alisema. "Pumu haingojwi. Pole sana, Mama Zakia."

Zuleha aliinamisha kichwa. Mtaani wengi walikuwa wameanza kumwita Mama Shadya, wakiogopa kumtonesha kidonda. Sesilia peke yake hakubadilisha jina.

"Sielewi, dada," Zuleha alisema. "Mashine ninayo. Haizimwi labda umeme ukatike. Mbona mtoto anabanwa?"

Sesilia aliitazama mashine. Akainua ncha ya kile kitambaa, taratibu, maana alijua ni cha nani.

"Mashine hii inavuta hewa yenye vumbi hapa ubavuni. Ndani kuna chujio linalonasa vumbi. Kisha hewa safi inatokea hapa juu. Sasa wewe umeiziba pua na mdomo."

"Nilitaka ipendeze," Zuleha alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Nani angekulaumu? Lakini hii haitaki kitambaa, wala haitaki kubanwa ukutani. Inataka nafasi ya kupumua, kama mtoto mwenyewe. Na dirisha hili linatazama mashine za mpunga. Wakikoboa, lifunge. La sivyo unasafisha hewa ya Kahama nzima. Udi nao uache. Unanukia, lakini ni moshi, na moshi unamchokoza mwenye pumu."

Zuleha alikitoa kitambaa, akakikunja kifuani. Hilo aliliweza. Ndipo Sesilia akashika blanketi alilolalia Shadya. Alilipiga kofi moja. Vumbi likapanda, likaelea kwenye mwanga wa dirishani.

"Hili lilifuliwa lini?"

Zuleha alilivuta blanketi kwake.

"Mama Zakia, hili ni lake?"

"Ni lake. Na mto ule wa sufi ni wake. Sijavifua tangu siku ile. Vina harufu yake."

Sesilia alikaa kitandani. "Sikiliza, mdogo wangu. Ndani ya blanketi na mto wa muda mrefu wanaishi wadudu wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Uchafu wao ndio unaoamsha pumu ya watoto wengi. Mashine inanasa vumbi linaloelea hewani. Haiwezi kuingia ndani ya blanketi. Lifue kwa maji ya moto sana, ulianike juani. Shuka fua kila wiki. Na mto huu, mtoto asiulalie tena."

"Hapana!" Zuleha alisimama. "Mwanangu nimemzika. Nguo zake nimezigawa, kama mlivyosema. Sasa mnataka na harufu yake niimwage na maji ya sabuni? Nitabaki na nini? Niambie wewe, nitabaki na nini?"

Sesilia alimtazama, machozi yakimlengalenga.

Aliyejibu alikuwa Shadya. Alisema akiwa ameinama, akichezea pindo la gauni lake.

"Mama, nikilala na blanketi la dada, ndiyo nabanwa. Nilijua zamani. Sikutaka kusema."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ungelia."

Zuleha alikaa sakafuni hapo hapo. Mtoto wa miaka saba alikuwa akikosa pumzi, akanyamaza, ili mama yake asilie. Alimvuta kifuani, akalia mpaka kanga ikalowa.

Jioni hiyo Salmini, mumewe, alirudi kutoka mashineni anakouza mchele. Alikuta sufuria kubwa likichemka uani na blanketi likiwa mikononi mwa mkewe. Alielewa kabla hajaambiwa.

"Ngoja kwanza," alisema. Alivua shati lake lenye pumba, akalitundika nje, akanawa. Kisha akalichukua blanketi, akazika uso wake humo, akakaa hivyo kitambo.

"Na wewe?" Zuleha aliuliza kwa mshangao.

"Kila ukienda sokoni," Salmini alijibu. "Sikutaka ujue."

Wakalitumbukiza pamoja. Maji yalibadilika rangi, yakawa kama chai. Sesilia alikuja kusaidia kulikamua, maana blanketi lililolowa lahitaji mikono mingi.

Tangu hapo mambo yalibadilika. Mashine ilisogezwa mbali na ukuta, ikabaki wazi. Walifungua chujio wakalikuta jeusi. Chujio la namna ile halifuliwi, hivyo Abdulwahab akatuma jipya. Taa nyekundu ikageuka ya kijani. Badala ya fagio kavu, Zuleha alipitisha tambara bichi, vumbi lisirukeruke. Dawa ya Shadya hawakuiacha, maana mashine si dawa, na kliniki waliendelea kwenda. Mto wa sufi ulifungwa kabatini kwa wazazi. Kitambaa cha waridi kilifuliwa, kikatandazwa kwenye meza ya sebuleni, mahali ambapo kila mgeni hukiona na kuuliza nani amekifuma.

Mavuno ya mpunga yalirudi, na vumbi lake. Mchana mmoja Zuleha aliingia chumbani, akamkuta Shadya amelala chini ya blanketi la dada yake. Aliinama akalinusa. Lilinukia sabuni na jua, basi. Zakia hakuwamo tena. Machozi yalimtoka, naye hakuyazuia.

Kisha akatega sikio. Hakusikia mluzi. Shadya alipumua kimya kabisa, hata mama yake akalazimika kuweka kiganja kifuani pake apate kuhakikisha. Kifua kilipanda, kikashuka, bila taabu.

"Hodi, Mama Zakia!" Sesilia aliita uani.

Zuleha alifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Abee," aliitika. "Ndiye mimi. Karibu, Mama Limi. Ila ingia polepole, mdogo wake Zakia amelala."