Bango Lililooshwa

Mwili wa Clifford Sneath ulionekana Jumamosi asubuhi, ukielea kifudifudi katika mfereji mkuu nyuma ya ukumbi wa kijiji cha Tolby. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Mlangoni pa ukumbi bado palining'inia tangazo la kituo cha kupigia kura, limelowa na kuinama upande mmoja, ingawa uchaguzi wa Halmashauri ya Wilaya ulikuwa umefanyika Alhamisi.

Inspekta Glenys Pask alisimama ukingoni huku askari wawili wakiuvuta mwili nchi kavu. Walipougeuza, wote waliona ua la utepe wa zambarau kwenye koti la marehemu.

"Rangi ya Rodney Epton hiyo," alisema askari mmoja. "Diwani wetu."

"Diwani wenu wa zamani," Sajini Dattani alimsahihisha. "Tangu jana mchana."

Pask alimtazama. "Kumbe unafuatilia mambo ya halmashauri?"

"Mama mkwe wangu anakaa kata ya pili, Afande. Tukiwa mezani hana habari nyingine."

Dattani alieleza kwa ufupi. Epton na mpinzani wake, Imogen Lacey, walikuwa wamefungana kwa kura mia tatu na kumi na nane kila mmoja. Kura zilihesabiwa tena na tena katika ukumbi wa michezo mjini, na jibu halikubadilika. Ikambidi msimamizi wa uchaguzi atie karatasi mbili katika sanduku tupu, achomoe moja mbele ya watu wote. Ikatoka ya Bi. Lacey. Hivyo ndivyo Epton alivyopoteza kiti alichokikalia miaka ishirini na minne, na ambacho kabla yake kilikuwa cha baba yake.

"Kwa hiyo kura moja tu ingemtosha," alisema Pask.

"Moja tu, Afande."

Daktari Wragg, mchunguzi wa maiti, alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi. Aliwaonyesha jeraha juu ya sikio la kushoto, refu na lililonyooka.

"Amepigwa na ubao wenye kona. Kuna vibanzi vya mbao na rangi nyeupe. Lakini nadhani alikuwa hai alipoingia majini. Mengine nitawaambia baada ya uchunguzi."

Marehemu alikuwa na miaka hamsini na tisa. Hakuoa. Alikuwa dereva wa basi dogo la shule, na katika kila uchaguzi alikuwa wakala wa Rodney Epton. Urafiki wao ulianza shule ya msingi.

*

Epton aliwapokea jikoni, katika nyumba yake ya shambani. Alikuwa mgane. Kuta zilijaa picha za udiwani: Epton akifungua daraja, Epton akikata utepe wa zahanati, Epton akikabidhi kikombe kwa timu ya watoto. Alimimina chai bila kuuliza nani anataka.

"Cliff alikuwa ndugu yangu," alisema. "Hatukuzaliwa pamoja, lakini alikuwa ndugu yangu."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni, pale baa. Watu wetu walikuja kunipa pole. Mimi nikaondoka mapema."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mligombana?"

"Nani kasema?"

"Nauliza tu, Bwana Epton."

Epton alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. "Nilimuuliza kama alipiga kura. Akasema alipiga. Basi."

"Wakala wako mwenyewe? Kwa nini umuulize hivyo?"

"Kwa sababu tulikuwa na mtu wetu mlangoni pa kituo, anachukua namba za waliokwisha kupiga kura. Namba ya Cliff hakuipata. Cliff alimpita kama anapita mti, kainamisha uso. Na tangu nianze udiwani, Cliff ndiye aliyewabeba wazee wetu kwenda kituoni. Mwaka huu hakumbeba hata mmoja. Alisema gari limeharibika."

"Wewe ukafikiri nini?"

"Nilifikiri gari limeharibika." Alielekeza kidole kwenye simu iliyokuwa ukutani. "Unaiona ile? Tangu June wangu afariki, wanaonipigia ni watu wenye mitaro iliyoziba na taa za barabarani zilizozimika. Watu huona ni kero. Mimi nilikuwa nakaa hapa naisubiri. Jana haikulia. Leo haijalia. Sasa atapigiwa yule mwanamke."

Walipotoka, Pask alipitia bandani. Mabango ya kampeni yalikuwa yameegemezwa ukutani, meupe, jina la Epton limeandikwa kwa zambarau, kila moja limepigiliwa kwenye mti wenye kona nne. Yote yalikuwa na tope zito la kingo za barabara. Moja tu halikuwa nalo. Lilikuwa limesuguliwa kwa brashi hadi mbao ikaonyesha nyuzi zake, na bado lilikuwa na unyevu.

"Dattani, wewe ungeosha bango la uchaguzi ulioshindwa?"

"Mke wangu anadai siwezi kuosha hata kikombe, Afande. Lakini bango la kushindwa ningelichoma moto."

"Lifunge vizuri. Liende maabara."

Epton alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Aliwaona wakilibeba, wala hakuuliza wanalipeleka wapi.

*

Gari la Clifford lilikuwa limeegeshwa kando ya nyumba yake. Dattani aliingia, akazungusha ufunguo mara moja. Injini ikawaka bila kukohoa.

"Zima," alisema Pask.

"Basi alidanganya, Afande. Gari ni zima kuliko langu. Huenda kweli alimgeuka mwenzake."

Pask alikuwa amekwisha ingia ndani ya nyumba, akasimama mbele ya jiko la gesi. Kwenye kila kitasa cha jiko palikuwa na tone la gundi lililokaushwa, gumu kama punje ya mtama. Birika lilikuwa na tone. Kitasa cha redio kilikuwa na matone mawili. Kiti kilikuwa kimesogezwa karibu na televisheni kiasi kwamba magoti ya mkaaji yangeigusa, na kwenye mkono wa kiti paliwekwa kioo cha kukuzia maandishi.

Alipitisha kidole juu ya vitasa, akafumba macho, akapitisha tena.

"Mpigie Daktari Wragg," alisema. "Mwambie ayachunguze macho."

*

Noreen Tasker, aliyekuwa msimamizi wa kituo cha Tolby siku ya uchaguzi, alikuwa akikausha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kauka.

"Siwezi kusema lolote, Inspekta. Nimeweka ahadi ya kutunza siri, nikatia saini."

"Siri hiyo inalinda chaguo la mtu, Bi. Tasker. Clifford hakuchagua chochote. Au nakosea?"

Noreen aliweka sahani chini. Akavuta kiti.

"Alikuja mara mbili, dada. Asubuhi alikuja mikono mitupu. Nikamwambia sheria inataka kitambulisho chenye picha: leseni ya udereva, pasi ya kusafiria, vile vinavyokubalika. Cliff hajawahi kutoka nchi hii, pasi ataitoa wapi? Jioni, karibu na kufunga, akarudi na kitambulisho cha kazi cha shuleni. Picha ni yake, kabisa. Lakini hakimo katika vinavyokubalika."

"Na leseni?"

"Alininong'oneza. Alikuwa ameirudisha serikalini wiki ile. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Alipoambiwa hospitali, siku za kuomba kitambulisho cha mpiga kura zilikuwa zimepita. Shuleni alijitia mgonjwa ili asiliguse basi la watoto." Alijifuta uso kwa kitambaa kile kile cha vyombo. "Nimekaa naye dawati moja darasa la kwanza. Namjua Cliff kwa mgongo, namjua kwa kikohozi. Na ilinibidi nimwambie, watu wakiwa nyuma yake wanasubiri, kwamba siwezi kumtambua."

"Alisema nini?"

"Aliniomba nisimwambie Rod. Alisema, 'Rod ana uchaguzi wake sasa, Noreen, usimtie wasiwasi. Nitamwambia akishashinda.'"

Mvua ilipiga dirishani.

"Jana ulikuwa baa?"

"Nilikuwepo. Nilimsikia Rod akimuuliza, nikamsikia Cliff akidanganya. Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha, Inspekta. Nilinyanyua glasi yangu nikanywa."

"Walitoka pamoja?"

"Rod alitangulia. Cliff akamfuata nyuma, anapapasa ukuta. Kila uchaguzi ukiisha, wao wawili huenda kung'oa mabango."

*

Jumatatu, Rodney Epton aliketi katika chumba cha mahojiano, wakili wake kando yake. Dattani aliwasha kinasa sauti, na Pask akasoma onyo la kisheria taratibu, neno kwa neno.

"Ulituambia uliondoka baa peke yako."

"Ndiyo."

"Clifford alikufuata."

"Sikumwona."

"Bango mojawapo bandani kwako lilioshwa. Mengine hayakuoshwa. Kwa nini?"

"Lilikuwa chafu."

"Yote yalikuwa machafu."

Pask alifungua faili.

"Maji hayakufika kwenye matundu ya misumari, Bwana Epton. Maabara wamepata damu humo. Ni ya Clifford."

Wakili alimgusa mkono. Epton aliuondoa mkono wa wakili, kwa upole, kama mtu anayemwondoa mtoto aliyelala.

"Lilikuwa bango la mwisho," alisema. "Lile la darajani, karibu na lango la maji. Nilikuwa nimelishika mkononi. Akaja kunisaidia, kama kila mwaka, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikamwambia, Cliff, mimi si mtoto. Nimekosa kura moja. Moja. Kama hukunipigia, sema, nijue."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Nilikupigia, Rod.' Nikamwambia, niangalie machoni useme hivyo. Hakuniangalia. Macho aliyapeleka huku, pembeni, kwenye sikio langu, akarudia, 'Nilikupigia.' Miaka hamsini, Inspekta, na anashindwa kunitazama usoni." Sauti yake ilishuka. "Nilimpiga mara moja. Nikasikia maji. Nikaenda zangu."

"Hukurudi kumtazama?"

"Nilidhani atatoka. Utotoni alikuwa akinishinda kuogelea. Asubuhi niliposikia ving'ora ndipo nilipoliosha bango."

"Ulimpiga kwa sababu ya kiti?"

"Sikuwa na kitu kingine. Kiti, na yeye. Siku ile ile nikaona vyote viwili vimenitupa."

Pask aliweka kalamu yake mezani. Kukiri kulikuwa kumekamilika, naye angeweza kuishia hapo. Lakini aliona kwamba mtu huyo angekuja kuyasikia ya Clifford mahakamani, mbele ya wageni, na hilo aliliona baya zaidi.

Akamweleza. Alimweleza juu ya leseni iliyorudishwa, kitambulisho cha shule kilichokataliwa, na safari mbili za kwenda kituoni kwa mtu asiyeiona vizuri njia. Akamweleza kwa nini gari zima liliitwa bovu. Mwishoni akamrudishia maneno ya Clifford kama Noreen alivyoyasema: nitamwambia akishashinda.

Epton alitikisa kichwa polepole. "Hapana. Hapana, Inspekta. Kama ni hivyo, mbona hakunitazama?"

"Daktari ameyachunguza macho yake. Maradhi hayo huharibu katikati ya jicho. Mgonjwa akikuelekezea macho usoni, mahali uso wako ulipo huona doa jeusi. Akitaka kukuona, hana budi kutazama kando yako." Pask alisogeza kiti chake karibu. "Alipoyapeleka macho kwenye sikio lako, Bwana Epton, alikuwa anakutazama usoni."

Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka.

Epton aliinua kichwa. Aliyaondoa macho yake kwenye uso wa Inspekta, akayapeleka pembeni, kwenye ukuta mtupu karibu na sikio la Pask, akayatuliza pale.

"Nakuona," alisema baada ya muda mrefu. "Kwa mbali, lakini nakuona."

Dattani alitaja saa, akakizima kinasa sauti.