Marehemu Yuko Mtandaoni

Asubuhi hiyo fundi wa mtandao aliwahi ofisini kama kawaida yake, ili amwingize marehemu mkewe kwenye mfumo. Akakuta ameshaingia.

Tangu amzike, hiyo ndiyo ilikuwa ibada yake. Kabla wenzake hawajafika aliandika jina la mkewe na neno lake la siri, kisha akatazama nukta ya kijani ikiwaka kando ya jina. Yupo. Roho ikatulia, akaanza kazi. Akaunti ilipaswa kufungwa, lakini utaratibu ulitaka mtumishi anayeondoka aje mwenyewe kutia sahihi, na utawala, ulipoelezwa kwamba mhusika yuko kaburini, ulijibu kuwa utaratibu haubagui. Fundi hakubisha. Kwa mara ya kwanza maishani aliupenda urasimu.

Sasa nukta iliwaka bila yeye. Akajaribu neno la siri, limebadilishwa. Na kutoka kwenye kiti cha mkewe, kule masijala alikokuwa akifanya kazi, ikaja harufu ya mafuta yake ya nywele, na chini ya harufu hiyo, udongo mbichi.

Hakumwambia mtu. Alifurahi, Mungu amsamehe.

Haukupita muda, katibu muhtasi akaja juu. "Fundi, mashine yako inasema hainijui! Miaka yote hii naiwasha mimi!"

Akamtengenezea neno jipya la siri, likakataliwa. Kesho yake mama wa watu alikuja macho mekundu, anaongea kwa kunong'ona. "Kaka, jana mwanangu hakunifungulia mlango. Ananichungulia dirishani, ananiambia mama hayupo, njoo baadaye."

Akafuata mhasibu, kisha dereva. Kila aliyekataliwa na mfumo, nyumba yake nayo ilimkataa. Mwisho mfumo ukamkataa fundi mwenyewe. Kilichobaki mkononi mwake ni ufunguo wa seva tu.

Bosi akaleta mganga. Mapokezi wakamwandikisha kama mshauri wa mifumo. Mzee akanusa kile kiti, hakukikalia.

"Nani anamwita huyu kila siku?"

Fundi akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Si mkeo, mwanangu. Umeita jina lisilo na mwenyewe, jini akaitika. Aliyemwita ndiye wa kumtoa."

"Niachie wiki moja tu, mzee."

"Una mtoto?"

"Binti."

"Asubuhi kakuitaje?"

"Kanishukuru kwa chai. Halafu kaniuliza baba yake atarudi lini."

Mzee akamwelekeza chumba cha seva kwa kidevu.

Alipoligusa lile jina ili alifute, mashine zote zilianza kuguna, na kule masijala vitufe vya kibodi isiyo na mtu vikawa vinabonyea haraka haraka, kama mtu anayejitetea, na harufu ya mafuta ikajaa chumbani hadi akahisi nywele zikimgusa shavuni, na skrini ilipouliza kama ana uhakika, sauti aliyolala akiisikia miaka yote ya ndoa ikauliza vilevile, sikioni, taratibu, "Mume wangu, una uhakika?"

Akabonyeza huku analia kwa sauti.

Nukta ikazimika. Korido nzima ikalipuka shangwe: "Nimeingia! Jamani, nimeingia!" Bosi akampa mkono, akamwomba taarifa ya maandishi.

Nyumbani, binti alimrukia mlangoni. "Baba!"

"Hebu sema tena."

"Baba jamani!" Kisha akamziba mdomo kwa kiganja. "Shh. Mama amelala. Kaja kwa miguu, amechoka. Anasema umemfukuza kazini."

Chumbani, kitanda kililia kama kinavyolia mtu anapogeukia ukutani.

Alijua fika kwamba si yeye. Akavua viatu, asije akamwamsha.