Ketsia Hakuzaliwa Trente Juin

Pikipiki ilikuwa imeshavuka daraja la Mutambala. Mji wa Baraka ulikuwa umebaki nyuma. Wilfried aliendesha polepole, na hiyo haikuwa kawaida yake. Watu wa Baraka wanajua: Wilfried akikupakia, ushike kofia. Lakini asubuhi hiyo barabara ya Lusenda ilikuwa inaisha upesi mno.

Nyuma yake alikaa binti yake Ketsia, miaka kumi na moja. Alikuwa amekumbatia kuku mwekundu aliyefungwa miguu. Kuku huyo alikuwa zawadi ya kumpelekea Mama Dévote, mkunga wa Lusenda. Ketsia aliimba wimbo wa défilé, ule wanafunzi wanaouimba wakipita na bendera.

Mtaani watoto walimwita "Indépendance". Baba yake alisema siku zote kwamba alizaliwa trente juin, yaani tarehe thelathini Juni, sikukuu ya uhuru wa Kongo. Kila mwaka siku hiyo Ketsia alibeba bendera mbele ya darasa lake.

Mwalimu wake, Madame Adolphine, alikuwa na mtindo wake. Kila asubuhi aliandika tarehe ubaoni, kisha akauliza: siku kama hii, zamani, kulitokea nini? Tarehe kumi na saba Januari watoto walijibu: mwaka 1961 Lumumba aliuawa. Ketsia aliandika yote katika daftari. Ukurasa wa trente juin aliupaka rangi za bendera. Chini yake aliandika: "1960, Kongo ilipata uhuru. 2015, nilizaliwa mimi."

Sasa Ketsia alikuwa darasa la sita. Shule ilitaka cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya examen, mtihani wa serikali. Ketsia hakuwa nacho. Madame Adolphine aliwapa wazazi muda hadi mwisho wa Machi. Bila cheti, jina la mtoto halitaingia kwenye orodha.

Wilfried alikwenda ofisi ya état civil, wanapoandikisha watoto. Karani alimwambia kwamba muda wa kuandikisha ulipita zamani. Sasa ni lazima apitie tribunali, yaani mahakama, na alete shahidi aliyemwona mtoto akizaliwa. Wilfried alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Constance, kwamba haina shida. Atachukua rafiki mmoja wa pale kando ya ziwa, aje aseme trente juin, mambo yaishe.

Constance alikuwa anachagua ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Hakuinua kichwa.

"Mi nimekunyamazia miaka kumi na moja, Papa Ketsia," alisema. "Kwa majirani nilinyamaza. Mama yangu alijua, akanyamaza mpaka akakufa. Mbele ya juje wa tribunali sitasema uongo. Shahidi iko mumoja tu, na we unamujua. Enda Lusenda na mutoto. Umuambie we mwenyewe, asisikie kwa bantu bengine."

Ndiyo maana Wilfried alikuwa na barabara nzima ya kumwambia Ketsia. Alianza pale darajani, akaishia kukohoa. Mbele kidogo alianza tena. Akakohoa tena.

"Papa, unaumwa?" Ketsia aliuliza.

"Vumbi," Wilfried alijibu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Vumbi halikuwapo.

Mama Dévote alikuwa anamenya mihogo mbele ya nyumba yake. Ni Mrundi. Alifika mwaka 2015 na wenzake waliokimbia fujo za kwao, wakawekwa kambini hapo Lusenda. Yeye ni mkunga, na tangu wakati huo amepokea watoto wa kambi na watoto wa kijiji bila kuwatenga. Alimtambua Wilfried. Walikuwa wameonana mara moja tu, na hakuna aliyesahau.

Alimpokea kuku, akampima kwa mkono kama anavyopima watoto wachanga.

"Kilo mbili," alimwambia Ketsia. "Wewe ulimpita kidogo. Lakini yeye ana sauti ndogo."

Ketsia alicheka. Wilfried alimtuma akachote maji ya kunywa. Mtoto alipoondoka, Wilfried alianza kumwomba mkunga. Alisema tofauti ni siku moja tu, haiui mtu. Alisema mtoto anaipenda trente juin, ni jina lake mtaani. Mama Dévote aseme tu hivyo mbele ya juje.

"Mimi napokea watoto," Dévote alimjibu. "Sipangi siku."

Aliingia ndani, akatoka na daftari la zamani lililofungwa kwa plastiki. Mle aliandika kila mtoto aliyempokea. Ketsia naye alirudi na maji. Dévote alifungua ukurasa, lakini hakumpa mtoto. Alimtazama baba.

"Utamwambia wewe, ao asome mwenyewe?"

Wilfried aliangalia viatu vyake. Kuku alijipigapiga chini. Mwishowe mkunga alimpa Ketsia daftari.

Maandishi yalikuwa ya Kifaransa. Ketsia alifuata kwa kidole, akatafsiri kwa sauti, kama darasani.

"Tarehe moja Julai 2015. Saa sita mchana. Mama, Constance wa Baraka. Mtoto msichana, kilo mbili na gramu mia tatu." Kidole kilisimama, kisha kikaendelea. "Baba hayuko. Ameitwa mara mbili."

Alisoma mstari huo tena, kimyakimya.

"Ile siku kulizaliwa mutoto mwingine wa Constance?"

"Hapana," alisema Dévote. "Ni wewe."

"Papa. We ulikuwa wapi?"

Hapo Wilfried alisema. Alisema yote. Mwaka ule Constance alikuwa amekuja hapa Lusenda kwa mama yake, kungojea uzazi. Yeye alibaki Baraka. Trente juin, défilé ilipoisha, alikaa na wenzake kunywa. Mtu akafika na ujumbe: uchungu umeanza na unakwenda vibaya, lete pikipiki mama apelekwe hospitali. Wilfried alisimama, chupa mkononi, akapiga kelele kwamba amezaa mtoto wa indépendance. Baa yote ikapiga makofi. Kila mmoja akamnunulia. Wakati huo mtoto alikuwa bado tumboni.

Jioni ujumbe wa pili ulifika. Alikuwa hawezi tena kushika usukani. Alilala. Alifika Lusenda tarehe mbili, mtoto ana siku moja, na Constance hakumuuliza neno. Alimpa tu karatasi ya kuzaliwa ya kituo cha afya aipeleke état civil. Karatasi ilisema moja Julai, na Baraka nzima ilikuwa imeshakunywa kwa trente juin.

"Nikaiweka chini ya kiti ya pikipiki," alisema. "Nikasema kesho. Kesho nayo nikasema kesho. Mafuta na mvua vikaikula. Ningeipeleka, bantu bangejua nilikunywa pombe ya mutoto mwenye hajazaliwa."

Ketsia hakulia. Alimuuliza Dévote kama mama yake alikaribia kufa.

"Alikaribia."

Mtoto alifunga daftari, akaenda kukaa upande wa pili, karibu na kuku.

"Mficha uchi hazai, Baba Ketsia," alisema Dévote. "Wewe ulificha miaka kumi na moja, na aliyebaki uchi ni mtoto. Nasikia Constance ana mimba. Basi shika hii. Mtoto akizaliwa, una siku tisini. Chukua karatasi ya maternité, pale atakapozalia, uipeleke état civil. Ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Zikipita, ni tribunali: nenda rudi, mashahidi, hukumu, ndipo état civil waandike. Na tarehe ni ile ya karatasi. Sikukuu haizai mtoto. Mimi nimekimbia nchi yangu, najua mtu bila karatasi anavyoangaliwa."

Alisema atakwenda na Wilfried kituo cha afya watafute rejista ya mwaka ule, kisha atakwenda kusimama tribunali.

"Na moja Julai kulitokea nini?" Ketsia aliuliza kutoka kule alikokaa.

"Mwaka 1962, Burundi na Rwanda zilipata uhuru. Siku moja zote mbili. Ile siku ulipozaliwa, sisi tulikuwa kwenye mahema, hakuna ngoma. Kisha ukalia hemani kwangu. Wamama wakapiga vigelegele hema hadi hema. Ndiyo ilikuwa sikukuu yetu."

Njiani kurudi, Ketsia hakuimba. Hakumshika baba yake kiunoni. Alishika chuma cha nyuma mpaka Baraka.

Kule tribunali Wilfried alisema ukweli mbele ya watu, na watu walicheka. Hukumu ilitoka, état civil wakaandika moja Julai. Karatasi ilifika shuleni siku mbili kabla ya orodha kufungwa. Ketsia alifanya examen, akapita. Trente juin bendera ilibebwa na mtoto mwingine. Dévote yuko Lusenda bado. Kuku hakumchinja, anataga. Madereva wenzake wanamtania Wilfried: wanamuuliza wanywe leo kwa mtoto wa mwaka gani. Yeye anawasha pikipiki.

Constance alizaa mvulana, Jérémie, tarehe tisa Aprili. Wilfried alikaa mlangoni pa maternité tangu alfajiri. Siku ya kumi na mbili alimwandikisha, bila kulipa. Ketsia aliuliza tarehe hiyo zamani kulitokea nini. Madame Adolphine alisema hakumbuki. Ketsia aliandika katika daftari lake: "Alizaliwa Jérémie. Baba alikuwapo."

Siku hizi, barabara ikiwa mbaya sana, Ketsia anamshika baba yake kiunoni. Ikiwa nzuri, anashika chuma.