Maji ya Kijito cha Kulungu

Warwick alipotoa simu na kuanza kupiga sauti ya ndege aliyoirekodi, dada yake Maree alihisi nyongo ikimpanda. Walikuwa wameingia milima ya mashariki ya jimbo la Viktoria, kusini mwa dunia, katikati ya kipupwe cha Julai, baridi ya kukata mifupa, wamtazame kinubi, yule ndege mwenye mkia mrefu anayeiga sauti za wenzake wote. Dume alikuwa akicheza juu ya tuta lake la udongo. Aliposikia mpinzani asiyeonekana, akaacha kucheza, akawa anakimbia huku na huko kama mwenye kichaa.

"Zima takataka hiyo! Unamtesa."

"Picha moja tu. Tangu utotoni wewe ni polisi."

Ndege akatimkia bondeni. Warwick akaiacha njia, akamfuata. Maree naye akamfuata kaka yake ili amrudishe. Ukungu ukawafunika, na mvua ya baridi juu yake. Wakiwa hawajui tena walikotokea, Warwick aliteleza kwenye gogo bovu, akaporomoka hadi chini kabisa. Mfupa wa kifundo cha mguu ukalia kacha!

Simu haikushika mtandao. Wakajibanza chini ya makangaga, wamelowa chapachapa. Maree alichomoa ruba kwenye ufizi wake mwenyewe, amenenepa kwa damu, akamtupa huku akitema mate. Kiu ilipowazidi wakanywa maji ya kijito kilichopita miguuni mwao.

"Yana ladha ya ajabu haya," Warwick alinung'unika.

"Kunywa, unyamaze."

Kulipopambazuka mguu ulikuwa mweusi, na Warwick alikuwa amejitapikia kifuani. Maree alimfuta kwa majani, uso ameugeuza pembeni.

"Nafuata kijito kwenda juu. Usilale."

"Usiniache, Maree."

"Nikikaa tutakufa wote wawili, mpumbavu wewe."

Harufu ilimfikia kwanza. Kulungu dume alilala katikati ya maji, kichwa kimekatwa, nyama yote imeachwa ioze. Maji yaliingia tumboni mwake na kutokea upande wa pili yana utando wa mafuta, yakateremka kwa Warwick. Maree akapiga magoti, akatapika mpaka hakikubaki kitu.

Alipokuwa akijipangusa mdomo, wazo likamjia: watu wanaoua kwa ajili ya pembe tu hawaendi mbali na gari lao. Akatafuta. Matawi yaliyovunjwa, kopo la bia, kopo jingine. Akayafuata akitambaa kwenye matope, hadi akatokea kwenye barabara ya wakata magogo. Pale palikuwa na hema, pikapu, na vijana wawili wakikaanga soseji.

Hawakuuliza mengi. Walishuka na turubai, wakampandisha Warwick mteremko mzima, wakiteleza na kutukana. "Kaza meno, mzee! Mzito kama friji!" Warwick akawa anacheka huku analia.

Kwenye pikapu Maree alikalishwa nyuma, kando ya kichwa cha kulungu. Macho ya mnyama yalikuwa yameingiwa na ukungu.

"Yule wa kijitoni ni wenu?" aliuliza.

"Wetu, mama. Pembe umeziona lakini!" Kijana aliyekaa naye akasita. "Hamkunywa yale maji, siyo?"

Maree akatema mate nje ya gari. Kijana akaona haya, akavua koti lake, akamfunika nalo mabegani, kisha akamjazia chai kikombe tele, ya moto, sukari nyingi. Maree alikunywa yote.

"Asante," alisema. Na alimaanisha. Shukrani hiyo ndiyo iliyomtia kinyaa kuliko mzoga.