Mtetea na Mtetee

Vinywa elfu kumi vilitamka neno moja kwa pamoja, na ukuta mzima ukatetemeka.

Ukuta huo ndio ulioitwa Mizani. Ulisimama mbele ya ukumbi wa Baraza la Anwani, mjini Singida, ghorofa ya juu kabisa, mahali ambapo ukitazama dirishani unaona vinu vya upepo vimejipanga juu ya vilima mpaka macho yachoke. Ulikuwa umejaa viwambo vidogo, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, na kila kiwambo kilikuwa kinywa cha mtu. Si mtu wa kubuni. Ni mtu kweli, aliyewahi kusema jambo hewani sauti yake ikahifadhiwa pamoja na kithembe chake, pengo lake na kigugumizi chake. Mizani ikipewa jina, ililisema kwa kila kinywa vile mwenyewe angelisema, kisha ikatazama limefika wapi. Likifika lilikotumwa, kiwambo kiliwaka buluu. Likipotea, kiliwaka njano.

"Mtetee," vilisema vinywa elfu kumi.

Ukuta ukawa buluu, na madoa ya njano hapa na pale.

Mtu mwingine angenuna, maana kila doa la njano lilikuwa ushahidi dhidi yake. Lakini Daktari Elifuraha Ntandu aliinamisha kichwa upande, kama kuku aliyeona punje ambayo hajaamua kuidonoa, akajikuta anajiuliza mashine hii wameiundaje.

Zamani, na wanaokumbuka wanakumbuka, anwani ya mtandao iliandikwa kwa vidole, na nukta katikati. Ukikosea herufi moja, unaangukia kwa tapeli aliyekaa palepale kusubiri vidole vizembe. Wakubwa wakatangaza kwamba dawa ni kuacha kuandika. Kila mtu akawekewa kipokezi nyuma ya sikio; ukimtaka fulani, unasema jina lake, njia inafunguka. Jina hilo likaitwa wito. Tukaambiwa utapeli umekwisha. Haukwisha. Matapeli waliacha kuvizia vidole, wakaanza kuvizia ndimi, na safari hii walikuja na vibali vya serikali.

Wito wa Elifuraha ulikuwa Mtetea. Ni neno la kawaida, kuku jike wa kutaga, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kuku. Kuku wako akisinzia, akiharisha kijani, shingo ikipinda, ulisema "Mtetea" ukiwa hapohapo bandani, na daktari akaitika. Alikuwa akiitika hivyo tangu vilima vile havijaota kinu hata kimoja. Kila kideri, ugonjwa unaofagia kuku, kilipoingia mkoani, yeye ndiye aliyewaelekeza watu kudondoshea kuku chanjo jichoni, nyumba kwa nyumba, bila kutoka kwake.

Kisha ikaja kampuni ya mawakili-mashine, ikajiita Mtetee. Ukishitakiwa, ukifukuzwa kwenye nyumba, ukidhulumiwa, unasema "Mtetee", na mashine inakusemea kortini. Tofauti ya herufi moja. Na aliyekuja mwisho ndiye aliyemshitaki aliyekuwepo, kwamba jina lake linawachanganya wateja.

Wakili Baltazari Ndunguru, mtu wa nyama na damu ambaye kampuni ilimtuma kwa sababu Baraza lilikataa mashine isimame mbele ya mashine nyingine, aliinuka.

"Mheshimiwa, hivyo ni vinywa vilivyotulia. Wateja wetu hawaji wametulia. Naomba Mizani itumie vinywa vyenye hofu."

Mwenyekiti wa Baraza, Bi. Shekilindi, aliafiki kwa kichwa.

"Mtetee," vilisema vinywa, na safari hii ukumbi ulisikia kwikwi, mate yaliyokauka, sauti zilizopanda na kukatika. Karibu nusu ya ukuta ikawaka njano, njano nzito kama kiini cha yai la kienyeji.

"Kwa nini?" aliuliza Elifuraha. Haikuwa zamu yake kusema, ila swali lilishatoka.

Mizani ilikuwa na sauti yake yenyewe, ya upole, isiyo na umri. "Mwenye hofu huishiwa pumzi kabla ya irabu ya mwisho," ilieleza. "Taya hulegea. E hufunguka ikawa A. Anakusudia Mtetee, kinywa kinatoa Mtetea."

"Kumbe!" Elifuraha alipiga paja. "Ndiyo maana."

"Ndiyo maana ya nini, daktari?" Ndunguru aligeuka haraka.

"Ndiyo maana wananijia wanalia. Juzijuzi kaniita mama mmoja. Namuuliza, kuku anakohoa? Ananiambia, wamebadilisha kitasa, watoto wako ndani. Nikamwambia, mama, mimi daktari wa kuku. Akaniambia, usikate, nakuomba usikate."

"Na ukakata?"

"Wewe ungekata?"

"Mimi ningemwelekeza kwa mwenye kazi yake."

"Nilimwelekeza. Ila nilimwacha alie kwanza. Mtu akilia hasikii maelekezo, wakili."

"Mheshimiwa," Ndunguru akamgeukia mwenyekiti, "mmesikia wenyewe. Anawapokea wateja wetu na anakaa nao."

Watu wachache nyuma waliguna. Elifuraha hakuwa na hasira bado. Hasira yake ilikuwa na desturi ya kuchelewa. Udadisi ndio uliotangulia.

"Mheshimiwa, naomba na mimi Mizani inipimie. Wangu je, hawapotelei kwao?"

Bi. Shekilindi aliruhusu. Vinywa vikasema "Mtetea", na madoa ya njano yakaonekana upande wa pili, machache, lakini yalikuwepo.

"Hawa, wakishaingia kwa Mtetee, inakuwaje? Naomba nimsikie mmoja."

Ndunguru alitaka kupinga, ila kanuni ilikuwa wazi: mshitakiwa ana haki ya kusikia kinywa chochote kinachotumika dhidi yake. Kiwambo kimoja chini kabisa kilitetemeka, na ukumbi ukasikia sauti ya mzee mwenye pumu kidogo. Elifuraha aliitambua kabla neno la pili halijaisha. Alikuwa mzee Njiku wa Ilongero, mteja wake wa siku nyingi, ambaye siku moja aliacha kumwita bila kuaga.

"Daktari, kuku wangu anakohoa," ilisema sauti ya mzee.

"Nani amemkohoza?" ikajibu sauti ya Mtetee.

Ukumbi uliangua kicheko. Hata Bi. Shekilindi alijifanya anakohoa.

"Aa, nani tena? Ugonjwa tu. Labda kaupata kwa kuku wa mdogo wangu, wanaruka uzio."

"Jina la mdogo wako?"

Kicheko kikafa. Maana kila mtu pale alielewa mashine ile ilivyotengenezwa: ilitengenezwa kutafuta adui ndani ya kila lalamiko, na asipokuwepo, kumpata. Mzee Njiku, akidhani anaandikiwa dawa, alitaja jina la mdogo wake.

Elifuraha aliuliza kilichofuata, na Mizani, ambayo haikujua kuficha, ilieleza. Shitaka lilifunguliwa. Banda la mdogo lilifungwa kwa amri, kuku wake wote wakateketezwa. Mdogo naye akamwita Mtetee, akafungua shitaka lake, kuku wa kaka nao wakaenda. Uzio ukainuliwa ukawa ukuta. Mama yao alipofariki, matanga yalikaliwa pande mbili za ukuta huo, chungu huku na chungu kule, na waombolezaji wakizunguka barabarani kwa aibu.

"Maneno haya ya mtu yamefikaje humu ukutani?" Elifuraha aliuliza. Sasa hasira ilikuwa imewasili.

"Aliridhia," alisema Ndunguru.

"Aliridhia lini?"

"Alipoita."

"Alikuwa ananiita mimi!"

Bi. Shekilindi aligonga meza. Elifuraha alishusha sauti, ila hakukaa. "Swali la mwisho, mheshimiwa. Hilo jina lao walilitoa wapi?"

"Kampuni ina kibuni-jina," Ndunguru alijibu kwa fahari. "Mashine. Inazunguka mahali, inasikiliza watu wanavyoongea, kisha inapendekeza jina ambalo masikio ya mahali hapo yatalipokea."

"Na hapa Singida ilisikia nini?"

Ndunguru alianza kupekua karatasi zake. Mizani ikajibu kwa niaba yake, kwa upole uleule. "Ilitafuta neno ambalo watu hulitamka bila woga. Lililoongoza lilikuwa Mtetea. Ikabadilisha irabu moja."

Nje, vinu vilikata upepo.

Basi ungedhani shauri limekwisha. Mtu amechukua jina la mwenzake, amelikata mkia, kisha amemshitaki mwenye jina kwamba anafanana naye. Lakini wanaokumbuka wanajua mchezo huu ni wa zamani kuliko vipokezi. Milima yetu iliwahi kupewa majina na watu waliopita siku moja. Vitambaa vyetu, salamu zetu, vyote vimewahi kukutwa vimesajiliwa na mtu asiyejua hata kuvitamka. Sheria ya alama za biashara haiulizi nani alianza kuita. Inauliza nani alianza kusajili. Elifuraha alikuwa amewahi kusajili mbegu za kuku, chanjo, hata baiskeli. Neno mtetea hakulisajili, kwa sababu hakujua kama kuku jike anaweza kuwa mali ya kampuni.

Bi. Shekilindi alisoma uamuzi bila kumtazama mtu. Majina yanafanana kiasi cha kupotosha. Alama ni ya Mtetee. Wito wa Mtetea uhamishiwe kwa mlalamikaji. Daktari achague wito mwingine usiokaribiana nao, na mwitaji yeyote atakayemfikia kwa kupotea afungiwe njia mara moja. Mlinzi-sauti wa Baraza atakaa kwenye njia yake kuhakikisha.

"Wafugaji wangu wataniitaje?" alisema Elifuraha. "Kideri kinakuja na kiangazi. Hawa ni watu wazima, wamezoea neno moja."

Ndunguru alikuwa anavaa koti. Ushindi humfanya mtu mchangamfu. "Ah, daktari, si wana kuku? Basi nao wawe wanatetea kama kuku! Sisi hatutakuwa na pingamizi."

Watu walicheka. Yeye pia alicheka, kwa sauti, akitazama huku na huku.

Elifuraha aliinamisha kichwa upande.

"Mizani," alisema taratibu, "maneno hayo umeyaweka kwenye kumbukumbu?"

"Kila linalosemwa humu linawekwa. Mlalamikaji hana pingamizi wateja wa daktari wakitetea kama kuku."

"Ilikuwa utani!" alisema Ndunguru.

"Mheshimiwa, sheria inasema wito ni nini?"

Pembe ya mdomo wa Bi. Shekilindi ilikuwa inahangaika. "Sauti yoyote," alisema, "itokayo kooni mwa mtu kwa kukusudia."

"Basi naomba Mizani ipime."

Ndipo vinywa elfu kumi vilipotetea. Vya wazee na vya mabinti, vya wenye mapengo, vya wenye mafua: *ko-ko-ko-ko-kokooo!* Karani aliangusha kalamu. Bi. Shekilindi alifunika uso kwa jalada. Mizani ilifuata utaratibu wake, ikaongeza na vinywa vyenye hofu, navyo vikatetea kadiri vilivyoweza. Hakuna hata kimoja kilichofika kwa mawakili. Ukuta ulikuwa buluu kutoka ncha hadi ncha.

Mji ulizoea haraka kuliko ulivyodhaniwa. Siku za kwanza watu walijificha chooni kumwita daktari. Baadaye ungemkuta meneja wa benki amesimama kwenye korido na tai yake, mkono umekinga mdomo, anatetea kwa heshima, na wapita njia wanamuuliza, "Wangapi wamelala, bosi?" Kideri kilipoingia, vilima vilisikika kama banda moja kubwa. Wafugaji hawakupotea.

Wale wengine ndio waliopotea. Elifuraha alilihisi hilo jioni moja alipokuwa anasuuza vichupa vya chanjo. Hakuna aliyekuwa amemwita akilia tangu siku ya uamuzi. Mlango wa kukosea ulikuwa umezibwa, na neno lake la zamani sasa lilimpeleka kila mwenye hofu kwa mashine inayouliza nani amekukosea. Alisimama na kichupa mkononi akijaribu kukadiria ni wangapi.

Kipokezi kikalia nyuma ya sikio.

"Ko... ko-ko..." Sauti ilikwama, ikavuta pumzi yenye pumu, ikaanza upya. "Ko-ko-ko..." Ikavunjika katikati.

Elifuraha aliweka kichupa chini.

Kabla hajaitika, mlinzi-sauti wa Baraza aliingia kwenye njia, mkavu kama kawaida yake. "Mwitaji, una kuku mgonjwa?"

"Sina kuku," ilisema sauti. "Waliisha."

"Wito huu ni wa daktari wa kuku. Umekusudia kuita huku, au umepotea? Ukiwa umepotea, njia itafungwa."

Mzee Njiku alilipuka.

"We! Nimesimama uani, mzee mzima, nimetetea kama kuku mbele ya wajukuu zangu wananicheka mpaka wanagaragara, halafu unaniuliza kama nimekusudia?"

Mlinzi-sauti alitafakari. Hakukuwa na kifungu cha kumzuia. Akatoka kwenye njia.

"Mzee wangu," alisema Elifuraha.

"Daktari. Mwanangu." Alikuwa anahema. "Sina kuku. Nina mdogo wangu huyu, hapa nyuma ya ukuta. Nasikia anakohoa."

Elifuraha alivuta kigoda akakaa.

"Kikohozi kikavu au cha majimaji?"

"Kikavu. Usiku kucha."

"Na bado anafuga?"

"Ana jogoo mmoja. Kamnunua juzi. Asubuhi akiwika, na mimi naamka."

"Basi nenda mlangoni kwake, mwambie daktari anamuulizia huyo jogoo," alisema Elifuraha. "Nakusubiri hapahapa. Sikati."