Jina la Kuandika Ukutani

Kila asubuhi kabla ya shule, Maricruz humsaidia mama yake kuondoa miiba kwenye majani ya mpungate yanayouzwa kama mboga sokoni Milpa Alta. Siku hiyo alifanya kazi mbio mbio. Darasa lao lilikuwa limechora ukutani safari ndefu ya mababu mpaka kwenye mji walioujenga ziwani. Kilichobaki ni jina la mababu hao.

"Andika Azteca tumalize," alisema Ulises. "Hata uwanja wa mpira unaitwa hivyo!"

"Uwanja unajua historia?" Maricruz alimkatiza. "Mababu walijiita Mexica. Hilo lako walilitunga wageni tu."

Darasa likaangua kicheko. "Mtoto wa uwanja!" wakamzomea Ulises, naye akainamisha kichwa.

Mwalimu Fermín akawanyamazisha. "Maricruz, kesho utaandika wewe. Lakini kahakikishe kwanza."

Jioni Maricruz alikwenda kwa shangazi yake Obdulia, anayefundisha Kinahuatl, lugha ya mababu hao.

"Hadithi za kale zinasema walitoka Aztlan," shangazi alimweleza. "Basi kwa Kinahuatl watu wa Aztlan wanaitwaje?"

Maricruz akabahatisha. "Azteca?"

"Ehee! Wakiwa njiani, mungu wao akawaambia waliache jina hilo, sasa wao ni Mexica. Walipojenga Tenochtitlan, ule mji wa ziwani, wakaitwa pia Tenochca. Karne nyingi baadaye wasomi wakalifufua Azteca, likaenea duniani kote."

"Kwa hiyo Ulises hakukosea?"

"Hakukosea sana, mwanangu. Wala wewe hukupatia sana."

Maneno hayo yalimchoma. Angeweza kunyamaza, darasani hakuna aliyejua. Lakini kila alipofikiria kushika brashi ya kuandikia, aliuona uso wa Ulises ulivyoinama.

Kesho yake alisimama mbele ya wote. "Jana nilisema Azteca ni jina la kutungwa na wageni. Si kweli, limo kwenye hadithi za mababu wenyewe." Akaeleza yote aliyoyasikia. "Nisamehe, Ulises."

Ulises alimkodolea macho. "Kumbe nilikuwa sahihi? Mimi nilijua uwanja tu!"

Safari hii walicheka wote pamoja. Kisha wakagawana brashi. Ulises akaandika Azteca pale safari ilipoanzia, Maricruz akaandika Mexica njiani, na wengine wakaandika Tenochca juu ya ziwa. Mchoro ukapendeza kuliko walivyotarajia.

Mwalimu Fermín akausogelea.

"Watu hawa walisafiri bila makao," alisema, "wakajenga mji juu ya maji, mji uliowaduwaza wote waliouona. Kuwaonea fahari ni haki yetu. Lakini anayewapenda watu wake husema ukweli wao wote, hata pale ukweli huo unapomuumbua yeye mwenyewe. Maricruz ametuonyesha leo."