Mama Mkwe Golini

Mume wangu alikuwa amevaa jezi ya adui!

Asubuhi ya fainali, jamani... Kanduyi, mwaka wa hamsini na nne. Timu ya shamba la mzungu kutoka Kitale inaingia uwanjani, na mbele yao ni nani? Mukhisa! Mfungaji wetu!

Na gunia begani. Ndani yake, fimbo zetu zote za hoki!

"Mukhisa, ni wewe?"

"Wilkista, mzungu amenipa unyapara, nisimamie vibarua wake. Wacha nile vizuri, bana."

"Na wajane je?"

Akacheka. Akacheka, wasomaji wangu!

Sasa nisikizeni. Nina miaka tisini na sijasahau. Hiyo timu ilianzishwa na mama yangu, Rispah, mjane. Alikuwa mpishi Kitale, akaona wazungu wakicheza hoki, akarudi nyumbani akachonga fimbo za mpera. Wanaume kwa wanawake tukacheza. Sheria yake ilikuwa moja: mazoezi yakiisha, timu nzima inamlimia mjane mmoja. Majirani waliokuwa hawasalimiani wakaanza kupalilia pamoja.

Na zawadi ya fainali ilikuwa jembe la ng'ombe. Wajane kumi na tisa walikuwa wanalingojea.

Lakini Mama hakuwahi kukaa karibu na uwanja. Kwetu Wabukusu, mkwe hakaribiani na mama mkwe. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Kila mechi ya Mukhisa, Mama alijificha nyuma ya migomba.

Hapo ndipo shetani akaninong'oneza...

"Mama, leo unasimama golini."

"Wewe! Nitaaibika mbele ya mkwe!"

"Si mwenye aibu ni yeye? Anataka kuwanyang'anya wajane jembe!"

Akashika panga, akaingia kwenye mipera kukata fimbo mpya.

Kwenye hoki, bao halihesabiwi mpaka upige ukiwa ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli. Mukhisa akachomoka na mpira, peke yake... akainua macho.

Mama mkwe! Leso kiunoni, fimbo mkononi!

Akafunika uso, akageuka mbio!

"Karibia basi!" uwanja mzima ukampigia kelele.

Mara nne! Na wenzake walikuwa wameambiwa wampe mpira yeye tu. Mwishowe nikafunga mimi. Moja bila. Nikampita nikipiga vigelegele, na mpaka leo sioni haya.

Nilidhani kisasi kimeisha. Kumbe!

Jumapili Mama akamwita Mukhisa mbele ya wazee. Mkwe akileta blanketi, ule mwiko huondolewa. Mukhisa akalileta. Nikawaka!

"Mama! Ati unamsamehe?"

Akampa Mukhisa mkono.

"Sasa naweza kukukaribia, mkwe?"

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri. Shika jembe. Mashamba kumi na tisa, kila msimu. Nitakuwa natembea nyuma yako."

Miaka kumi na moja! Alitaka unyapara, akapata nyapara.

Funzo langu ni hili: kabla ya kuisaliti timu, kumbuka umeoa binti ya nani.